Jina Limetoka, Basi Bado

Mei ikishafika katikati, wauza nguo wa Mbagala Rangi Tatu wanajua mambo kuliko sisi tunaohusika. Sisi bado tuko kwenye vyumba vya mtihani wa kidato cha sita, wao wameshatundika bukta za bluu iliyokolea mbele ya meza na kupanga fulana za kijani kwa saizi. Nilipopita wiki ile niliyorudi kutoka shuleni, na hizi nywele fupi za bweni zinazomtaja mtu kabla hajafungua mdomo, niliitwa kutoka meza mbili tatu kwa mpigo: "Dada, ya JKT hii hapa! Haina zipu!"

Zipu ndiyo habari yenyewe. Tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), linalotuita kambini sisi tunaomaliza kidato cha sita, halikuachii nafasi ya ubunifu. Bukta iwe ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ifike magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, na nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi. Vyeti vyote vitakavyohitajika kuombea chuo. Nauli ya kwenda na kurudi. Hayo ya kurudi mama aliyasoma mara mbili, akaonekana kupumua.

Majina yalitoka usiku. Kundi letu la WhatsApp la darasa, lililokuwa limeanza kupoa kwa picha za mahafali, likawaka moto. Huyu Rwamkoma, yule Bulombora kule Kigoma, mwingine Oljoro, mwingine Msange. Waliopangiwa Ruvu walipewa hongera nyingi kuliko wengine wote, kana kwamba Mlandizi, iliko kambi hiyo, ni ng'ambo ya barabara na mtu atakuwa anarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Tuna mwenzetu mmoja ambaye mguu wake umemsumbua tangu utotoni. Yeye hakuhangaika kutafuta jina lake liko kambi gani, kwa sababu tangazo lenyewe linaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho waripoti Ruvu, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia. "Nyie tafuteni," akatuandikia. "Mimi nafunga begi."

Mimi ni Mafinga. 841 KJ, yaani Kikosi cha Jeshi namba 841, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, nchi ya misonobari ya Sao Hill na mashamba ya chai, ambako Juni na Julai watu wanatembea wamejikunyata. Maisha yangu yote nimeishi Mbagala, mahali ambapo sweta ni nguo ya mgonjwa au ya kondakta wa basi la usiku. Sijawahi kuvuka Morogoro. Njia naijua kwa kusikia: Chalinze, Morogoro, Mikumi ambako abiria wote wanahamia dirishani kutafuta twiga, kisha Kitonga, kisha Iringa, kisha unafika.

Kuna kitu ambacho hakuna aliyeniambia kuhusu hiki kipindi cha kati, baada ya jina kutoka na kabla ya basi kuondoka. Hukai nyumbani na wala hujaenda. Mama hanitumi tena dukani kwa sauti ile ya zamani. Wageni wakija wanaulizia "huyu mwanajeshi wetu", na mdogo wangu wa kiume ananipigia saluti akiwa kwenye bafu la nje na mswaki mdomoni. Shangazi yangu alinisuka twende kilioni siku ya tatu tu tangu nirudi, nywele zenyewe zikishikwa kwa tabu, baada ya miaka yote ya kunyolewa shuleni. Tulijua wote kwamba kambini zinakatwa. Alisuka hivyo hivyo, kwa haraka, akisema haya mambo ya serikali hayamzuii yeye kuona kichwa changu kikiwa na nywele japo mara moja.

Fomu yangu niliichapishia kwenye steshenari iliyo karibu na kituo cha daladala. Anayefanya kazi pale ni kijana wa nyumba ya jirani, tumekua naye, tumecheza naye rede na kombolela. Aliishia kidato cha nne. Kazi yake kutwa ni kuchapa barua za watu, kutoa nakala za vyeti, kupiga lamineti na kuwaombea watu vyuo, mikopo na ajira mtandaoni. Msimu huu wa JKT ndio msimu wake wa mavuno, na ndio unaomuumiza zaidi, kwa sababu kila karatasi anayomchapia mtu ni ya mahali anapotaka kwenda yeye.

Alisoma fomu yangu kabla hajanikabidhi. "Mafinga," akasema, kisha akanieleza habari za Mafinga kwa muda mrefu mpaka mteja wa nyuma akaanza kuguna. Kambi zote anazijua, na namba zake kichwani: Ruvu 832, Makutupora 834, Mgambo 835, Mafinga 841, Mlale 842. Mimi niliyepangiwa sikuijua hata namba yangu mpaka yeye aliponitajia.

Hapa niwaeleze wasomaji walio nje ya Tanzania, maana JKT ina milango miwili. Wa kwanza ni wa kwetu, tunaoitwa wa mujibu wa sheria. Umemaliza kidato cha sita, jina lako limewekwa kwenye orodha, unaripoti mwanzoni mwa Juni, unafundishwa kwata, uzalendo, ukakamavu na kazi za mikono, unarudi ukiwa mwembamba, unaendelea na chuo. Hatukuomba. Mlango wa pili ni wa kujitolea. Huo unaombwa, unapigiwa usaili, unapangiwa nafasi chache kwa kila mkoa na wilaya, na ukiupata unakaa miaka 2. Ndani yake kuna ufundi, kilimo, ulinzi, ujenzi, na juu ya yote kuna tumaini ambalo jeshi lenyewe linalikanusha kwa maandishi kila mara. Tangazo la kujitolea husema waziwazi kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia mtu ajira kwenye vyombo vya ulinzi au mahali pengine, na kwamba kijana anafundishwa ili akajiajiri. Hilo tangazo jirani yangu ndiye anayelichapa na kulibandika ukutani. Analisoma vizuri kuliko wote. Bado anaamini.

Nami simlaumu. Watu wanaona wenzao waliopitia JKT wakiitwa kwenye usaili wa polisi, magereza na jeshi lenyewe, na nafasi nyingi za vyombo hivyo huwatanguliza waliopita kambini. Ukimwambia mtu mlango huu hauna ahadi, lakini waliopewa wengi walipitia humo, atakusikiliza hiyo sentensi ya pili. Mwaka 2021 mambo haya yalifika kubaya. Kulikuwa na vijana wa kujitolea waliofanya kazi kwenye miradi mikubwa, ukiwemo ule ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti, wakiamini wataandikishwa jeshini. Walipoona siku zinakwenda, wakagoma. Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Venance Mabeyo, akatangaza kwamba zaidi ya vijana 800 wameachishwa. Baadaye walisamehewa na kuitwa warudi. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu wazazi wakibishana mbele ya taarifa ya habari. Jirani yangu anakumbuka kila kitu, na upande wake anaujua.

Ameshakwenda kwenye usaili zaidi ya mara moja. Safari moja alikimbia vizuri, afya ikaonekana safi, vyeti vikakubalika, nafasi zikaisha. Safari nyingine alifuatwa na mtu aliyejitambulisha kuwa "ana mtu wa ndani", akatajiwa kiasi ambacho mama yake angelazimika kuuza cherehani. Hawakuiuza. Kila nikimkumbuka yule mtu na shati lake lililopigwa pasi, huwa natamani arudi mtaani kwetu mara moja tu, mchana kweupe, akinamama wakiwa wanachota maji.

Mjomba wangu ndiye aliyenifanya nione jinsi hili jambo linavyopindukapinduka. Yeye alikwenda Makutupora miaka ya 1980, enzi ambazo ni mwaka mzima, na tangu jina langu litoke amekuja nyumbani kila Jumapili kama mkaguzi. Anakagua begi. Anakagua raba, anazipinda kuona soli. Akishashiba anasimulia. Na kabla ya kusimulia yake, anaanza na ya wakubwa zake, ya mwaka 1966.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni ilikuwa ya kujitolea tu. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi nao waingie kwa lazima: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kwenye kazi zao za kawaida huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi Ikulu, wamevaa majoho yao mekundu, wakiwa na ujumbe kwamba miili yao itakwenda kambini lakini mioyo haitakwenda. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 warudi vijijini kwao. Siku hiyo hiyo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa hoja kwamba kama vijana wanalia kuhusu mishahara, basi wakubwa nao wanalipwa mno.

Mjomba husimulia hii huku akicheka, kwa sababu yuko upande wa Mwalimu. Mimi huwa nasikiliza nikimfikiria jirani. Wale walikuwa wameshashika kazi mkononi kabla hata hawajamaliza chuo, nchi ikiwahitaji kila mmoja wao, na kambi ikaonekana kwao ni kukatwa. Huyu wa kwetu hana kitu cha kukatwa. Kambi kwake ni nyongeza. Sheria ni ile ile na kwata ni ile ile. Kilichobadilika ni foleni iliyo nje ya geti. Na mimi niko katikati, nimepewa bila kuomba kitu ambacho mtu wa nyumba ya pili ameomba bila kupewa, halafu usiku nalala nikiogopa.

Mama yeye ni wa kizazi kilichorukwa. Mafunzo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994, yeye akamaliza kidato cha sita mwaka uliofuata. Yakarudi mwaka 2013, wakati baadhi ya wabunge vijana nao walikwenda kambini na picha zao wakiwa na kombati zikajaa magazetini. Kwa hiyo mjomba, kaka yake, ana kambi yake, mimi nina yangu, yeye hana. Anaficha, lakini naona. Mjomba akianza kuimba nyimbo za mchakamchaka, mama huinuka kwenda jikoni kutazama chungu ambacho hakipo motoni. Kisha usiku anakuja chumbani kwangu na kuniuliza maswali ya mtoto wa kike kwa mzunguko mrefu: mabweni yako mbali na ya wavulana kiasi gani, maafande wa kike wapo, nikiumwa namwambia nani. Majibu sina. Ananifungia vitu badala yake. Ndimu. Vaseline kopo kubwa, kwa ajili ya midomo kupasuka. Sweta mbili za mtumba, nene, moja ina picha ya kulungu kifuani, ambayo sote tunajua afande yeyote mwenye macho hataiacha ipite. Blanketi tuligombana nalo mpaka nikakubali.

Halafu zipo sauti za WhatsApp. Wanaotutangulia wanaturekodia. Ukizisikiliza zote kwa mfuatano unapata kambi kumi tofauti zenye jina moja. Kwa mmoja mnaamshwa saa kumi alfajiri, kwa mwingine hamlali kabisa. Huyu anasema maharage yana wadudu, yule anasema alinenepa. Mmoja alituapia kwamba ukichelewa kuitika kipenga unagaragazwa kwenye tope mpaka utaje majina ya mababu zako saba. Kila msimuliaji anaongeza chumvi yake, nami nimegundua kwamba hakuna hata mmoja aliyenisimulia alasiri ya kawaida. Lazima zipo. Lazima kuna siku ya Jumatano ambayo hakuna kilichotokea, watu wamefyeka majani, wamefua, wamekaa kwenye hanga, bweni la kambini, wanasukumana kwa maneno. Hiyo ndiyo ningependa kusimuliwa, kwa sababu nadhani nyingi zitakuwa hizo. Lakini hakuna anayerekodi sauti ya dakika sita kuhusu kufua.

Niliyemuuliza na akanijibu kwa maana ni binti mmoja aliyekuwa mbele yangu shuleni, alikwenda Mgambo. Alisema kilichomshinda hakikuwa kukimbia wala lindo la usiku, kilikuwa kutokujua. Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai wao wakiwa kambini, bila simu. Watu wakawa wanasikia minong'ono kwamba yametoka, na kila mtu anafanya kwata huku hesabu zinapigwa kichwani: nimepata divisheni gani, nyumbani wanacheka au wamenuna.

Hilo limenikaa kuliko habari za tope. Kwa sababu mimi sisubiri kitu kimoja. Nasubiri kambi, ambayo ndani yake nitasubiri matokeo, ambayo yakitoka kuna mkopo wa elimu ya juu na maombi ya chuo, mambo yenye tarehe za mwisho ambazo hazimngoji kuruta wa Mafinga amalize kufyeka. Tangazo linatutaka tubebe vyeti kwa sababu hiyo, na wengi wanasema mambo hayo husaidiwa kambini. Inawezekana. Lakini mimi ni mtoto wa Mbagala, naweka na akiba.

Akiba yangu ni yule jirani. Nimempa nakala za cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya mtihani na orodha ya kozi kwa mpangilio, pamoja na nywila ambazo nilimwandikia kwenye karatasi akazikariri mbele yangu kisha akaichana. Matokeo yakitoka, yeye atayaona kabla yangu. Atamwambia mama. Yakiwa mabaya, tumekubaliana atamwambia mjomba kwanza.

Malipo hakutaka. Anachotaka ni habari. Asubuhi tunakimbia pamoja Barabara ya Kilwa kuelekea Kongowe, kabla malori hayajaanza. Mimi nafanya mazoezi ya siku chache ili nisiaibike, yeye anafanya ya miaka ili asikutwe hayuko tayari siku tangazo likitoka. Ananiacha mbali, anasimama, ananisubiri, tunaendelea. Kwenye kusubiriana huko ndipo maagizo yake yanapotoka, moja moja.

"Ukifika, angalia wa kujitolea wanafanya nini. Siyo nyie wa miezi mitatu. Wale wa kukaa."

Nikamwambia sawa, kaka.

"Angalia kama wanafundishwa ufundi kweli au ni shamba tu. Useremala, uashi, umeme. Waulize walipitia wilaya gani."

"Nikiuliza uliza nitapewa adhabu."

"Usiulize wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza we itika tu. Uliza ukishazoeleka."

Tulikuwa tumefika kwenye mzani wa pumzi zangu, nikakaa ukingoni mwa barabara. Nikamuuliza lile ambalo nimekuwa nikilizunguka: na wakikukatalia tena? Kwenye tangazo la kujitolea mwenye elimu ya kidato cha nne hatakiwi kuzidi miaka 20. Yeye anatimiza 21 Novemba. Tangazo likichelewa mpaka mwakani, geti limefungwa hata akikimbia kama upepo, na mimi niliyejiegemeza kwenye nguzo ya umeme nikihema nitakuwa nimeshamaliza na kurudi.

Akasema anajua. Akasema bosi wake amemwambia mashine ya kupiga chapa fulana ikinunuliwa, ataishika yeye, na kwamba mwakani hizi fulana za kijani wanaweza kuwa wanaziuza wao wenyewe pale dukani badala ya kuwaachia wa Rangi Tatu. Akasema hivyo kisha akaanza kukimbia tena kabla sijajibu. Sijui kama alikuwa ananifariji mimi au anapiga hesabu kweli. Nadhani yote mawili.

Safari ni Jumapili. Basi linatoka Mbezi, Kituo cha Magufuli, saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka kwetu Mbagala mpaka Mbezi ni safari nyingine inayojitegemea. Mama anataka tutoke nyumbani saa nane usiku. Mjomba anasema saa kumi inatosha, na kwamba mwaka wao walipanda treni mpaka Dodoma na hakuna aliyewasindikiza. Mama amemjibu kwamba ndiyo maana mpaka leo hana adabu. Jirani ameshaongea na bodaboda wawili, wa kunibeba mimi na wa kubeba begi, na begi lina nauli yake kwa sababu ya lile blanketi.